Mzee Manase Msengi, Mtani Aliyecheka

Wasifu huu umeandikwa na binti yake wa kwanza, Mwalimu Dorkas, na unasomwa nyumbani kwa marehemu, kijiji cha Munyinga, Mtinko, leo Alhamisi tarehe 16 Machi 1978.

Wazee wetu, shikamooni. Wachungaji, viongozi wa Chama, ndugu Wakristo na Waislamu mliofika kwa mvua hii, poleni na tope. Desturi inataka marehemu asemwe vizuri. Mimi nimesoma karatasi nyingi za namna hii, kwa sababu mwalimu akionekana na miwani msibani hupewa asome, na sijawahi kusoma ya mtu mbaya. Ukitusikiliza makaburini utadhani wabaya hawafi. Marehemu alinikataza nisimfanyie hivyo. Aliniambia kuna mama mmoja aliyebebeshwa hapa kijijini mzigo usio wake kwa miaka mitatu na nusu, na kwamba mzigo huo utuliwe leo, mbele yenu, kabla udongo haujamfunika yeye mwenye mzigo. Nimejaribu kumwita marehemu, kama inavyotakiwa. Nikiteleza nikasema baba, mtanisamehe.

Marehemu Manase Msengi alizaliwa Iramba, karibu na Kinampanda. Tarehe haikuandikwa. Wazee walisema ulikuwa msimu wa mafua makubwa, vita ya kwanza ilipokuwa inaisha, kwa hiyo kanisa likamwandikia mwaka 1918. Kaka zake wawili walikufa kwa mafua hayo, na mama yake alikuwa hoi, hata mtoto akanyonyeshwa na shangazi. Shangazi huyo alikuwa akisema kwamba Manase alijua kucheka kabla ya kujua kulia. Sisi watoto tulidhani ni sifa. Alibatizwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 1931.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1928 mpaka 1932, akaishia darasa la nne. Hati yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, na hesabu alizipenda, lakini kila mwalimu alimchapa kwa kosa lile lile la kucheka pasipochekwa. Siku moja swila aliingia darasani akapita chini ya mabenchi. Wenzake wote walitokea dirishani. Manase alibaki amekaa, miguu ameiinua juu, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Mwalimu alidhani huo ni ujasiri, akamzawadia kalamu ya risasi. Kalamu hiyo aliwaonyesha watu miaka mingi. Mama yetu peke yake ndiye aliyeambiwa ukweli, kwamba siku ile kaptura ilikuwa imelowa. Marehemu alikuwa mtu anayecheka akiogopa. Naomba mlishike hilo, tutalihitaji mbele.

Mwaka 1933 alipata kibarua kwenye reli iliyokuwa inajengwa kutoka Manyoni kuja huku kwetu, akabeba mataruma mpaka bega likaota sugu. Mwaka 1941 aliingia jeshini, akapelekwa Burma, akarudi 1946 na kofia, blanketi na kovu. Tarehe 14 Desemba mwaka huo huo alifunga ndoa na mama yetu, Maria, katika kanisa alimobatizwa. Mungu aliwajalia watoto wanne. Mimi nilizaliwa 1948, wakafuata Gasto na Selina, na wa mwisho aliyeitwa Manase kama baba yake, ambaye alikufa kwa surua mwaka 1956 akiwa na miaka miwili.

Mwaka 1953 familia ilihamia huku Mtinko kutafuta malisho. Mnyiramba anayehamia kwa Wanyaturu anajua kwamba atapokelewa kwa matusi, maana sisi ni watani. Aliyempokea ni Antipasi Mughwai. Najua jina hilo halitajwi hapa kijijini. Leo litatajwa, kwa sababu bila yeye hakuna maisha ya marehemu ya kusimulia. Antipasi alimkatia baba kipande cha ardhi chini ya kilima, kisha akapanda juu ya tembe letu jipya, akaruka ruka kujaribu dari, akatangaza kwamba Mnyiramba amejengea fisi zizi. Baba akamjibu kwamba fisi huyo ameshapanda juu, ashuke aingie. Wakawa marafiki kuanzia siku hiyo mpaka mwisho.

Mdogo wetu alipokufa, Antipasi ndiye aliyechimba kaburi. Mama alikaa siku nne hali wala hasemi. Siku ya nne Antipasi alivaa kofia ya jeshi ya baba, akachukua mwiko begani, akapiga kwata uani akijitukana kwa amri za Kizungu alizozitunga mwenyewe, mpaka mama akacheka, halafu akalia, halafu akala. Hivyo ndivyo mtani alivyo. Nasema haya kwa sababu baada ya mwaka 1974 watu wengi walisema Antipasi alikuwa mtu wa peke yake, asiye na rafiki, aliyekaa gizani akinung'unika. Si kweli. Alikuwa mtu wa watu. Ninyi wenyewe mmekula nyama nyumbani kwake.

Alikuwa pia na bunduki yake ya mitutu miwili, yenye kibali tangu 1958. Nyani na ngiri wa kilima kile mnawajua. Nusu ya uwele tuliokula miaka ile ulilindwa na bunduki hiyo, na hakuna aliyeiogopa. Watoto waliokota maganda ya risasi wakayafanya filimbi.

Mwaka 1964 marehemu alichaguliwa balozi wa nyumba kumi. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na tatu. Alipatanisha waume na wake, alitafuta ng'ombe waliopotea, na daftari lake lilikuwa safi. Mwaka 1974 ulipokuja uhamisho wa kwenda vijijini, yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kutuambia siku ya kuvunja matembe. La kwetu alilivunja mwenyewe kwanza, ili asionekane mnafiki. La Antipasi lilivunjwa na wengine, tarehe 3 Agosti, akiwa amesimama pale. Makaburi ya wazazi wake yalikuwa nyuma ya zizi. Tangu hapo alikosa kiwanja mara mbili katika ugawaji, akagombana na mwenyekiti hadharani. Wako wanaosema uhamisho ndio ulimfanya vile. Wote tulihamishwa, ndugu zangu. Wote tulilala nje tukanyeshewa na kulaani. Kama hasira ya kuhamishwa ingekuwa ndiyo sababu, mkoa huu usingebaki na mtu.

Sasa nafika pale ambapo marehemu alinitaka nisome polepole.

Mwishoni mwa Agosti, kilabuni, Antipasi alisimama na kata ya pombe mkononi akasema, "Siku ya kugawa viwanja nitagawa mimi. Kila mtu nitampa chake, futi sita kwa tatu." Watu wakaangua kicheko. Baba alimjibu, kama mtani anavyotakiwa kujibu, "Changu kiweke karibu na kilabu, nisije nikafa kiu." Mlicheka. Wengine mliopo hapa mlikuwepo, na jibu la baba mlilirudia wiki nzima kama wimbo.

Mwezi wa Septemba, kwenye josho la ng'ombe, Antipasi alisema maneno yale yale. Safari hii waliocheka walikuwa wachache, maana utani ukirudiwa hupoa. Baba alicheka.

Mara ya tatu ilikuwa Alhamisi tarehe 10 Oktoba, saa sita mchana, mpakani mwa mashamba ya zamani. Walikuwa wawili tu. Antipasi alisema, "Mtani, Jumamosi usije mkutanoni."

Baba akasema, "Kwa nini nisije? Unataka kula kiwanja changu?"

"Usije."

Baba akacheka. Antipasi hakucheka. Akaokota jembe lake akaenda.

Marehemu alinieleza jambo hili mwezi wa kwanza mwaka huu, na maneno yake niliyaandika kama yalivyotoka. Alisema, "Utani una watu watatu. Yupo anayetukana, yupo anayetukanwa, na yupo wa pembeni anayecheka. Huyo wa tatu ndiye anayeufanya uwe utani. Siku ile mpakani hapakuwa na wa tatu. Nikaujaza mwenyewe ule upungufu. Nikacheka kwa niaba ya mtu ambaye hakuwepo."

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, Mama Theresia, mke wa Antipasi, alikuja nyumbani kwetu ameshika kibuyu, kama mtu anayeazima chumvi. Nilikuwa jikoni na mama, tukamsalimu, akapita uani kwa baba. Hatukusikia waliyozungumza. Nimeyajua mwaka huu, kutoka kwa wote wawili, na yanalingana.

"Shikamoo baba balozi."

"Marahaba, mama. Habari za huko?"

"Baba, ile bunduki iondoeni nyumbani kwangu."

"Imefanya nini?"

"Bado. Amegawa mbuzi kwa ndugu zake. Kiti cha babu yake amempa mdogo wake. Pombe hagusi. Halafu analala, baba. Tangu wavunje tembe alikuwa halali, anazunguka tu. Wiki hii analala kama mtoto aliyeshiba. Mimi naogopa."

Baba akacheka. Akasema, "Mama Theresia, wanawake wengine wananiletea waume wanaokunywa na kukesha. Wewe umeniletea aliyeacha pombe na kulala. Niandike kosa gani?"

"Amesema maneno."

"Maneno ya utani. Neno la mtani halipelekwi barazani, unajua. Nikilipeleka nitakuwa mtu gani?"

Mama Theresia akasema, "Basi neno liache. Peleka bunduki."

Baba akamwambia wataongea Jumatatu, baada ya mkutano.

Jumamosi tarehe 12 Oktoba 1974 mimi ndiye niliyetakiwa kuandika kumbukumbu za mkutano. Nilikuwa nimeshachonga penseli. Saa tatu asubuhi baba aliniita akasema nimwandikie kwanza barua ya kwenda kwa Gasto, Manyoni. Nikamwambia nitachelewa. Akasema daftari nimpe Sara, naye anajua kuandika. Sara binti Petro alikuwa na miaka kumi na tisa, nimemfundisha mwenyewe, na hati yake ilikuwa ya duara. Alifurahi sana kupewa daftari lile. Baba aliniketisha, na barua ya ukurasa mmoja ikachukua asubuhi nzima. Alikuwa akiongeza mambo. Habari za ndama. Habari za mlango. Mama naye alizuiliwa, akaambiwa ng'ombe mwekundu atazaa leo. Ng'ombe mwekundu alizaa mwezi wa kumi na mbili.

Saa nne na nusu tulisikia mlio kutoka upande wa ghala la kijiji. Nikasema wanafukuza nyani. Ukafuata mwingine, kisha mingine. Nikamwangalia baba. Alikuwa anacheka, ndugu zangu. Ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, anacheka. Nilidhani amerukwa na akili.

Siku ile walikufa Mwenyekiti Ignas Njiku, Lazaro Hango, Mama Martha Mwiru, Mzee Filipo Ntandu na Sara Petro. Wanane walijeruhiwa. Antipasi naye hakuondoka pale akiwa hai.

Marehemu hakuwepo. Balozi wa nyumba kumi, mwenye zamu ya kusimamia watu wake kwenye ugawaji, hakuwepo. Kinywa chake kiliamini kwamba ni utani, miguu yake haikuamini. Mimi ninayewasomea ni mzima kwa sababu ya neno ambalo baba alilijua, na ninyi mlizika kwa sababu neno hilo hakuwaambia. Mzee Petro, baba yake Sara, upo hapa. Nimekuamkia kila siku kwa miaka mitatu bila kujua. Tangu Januari nimekuamkia nikijua, na nimeona haya kukutazama usoni. Naona haya hata sasa.

Baada ya mazishi walikuja maofisa kutoka mjini kuuliza. Walimuuliza balozi kama kulikuwa na dalili yoyote, kama mtu yeyote alisema au alisikia kitu. Marehemu alijibu, "Hapana. Lilikuwa jambo la ghafla." Yakaandikwa. Maneno hayo matatu, jambo la ghafla, yakawa ya kijiji kizima. Yalisemwa kanisani na msikitini, nami niliwafundisha watoto darasani walipouliza. Yalitufaa sana. Jambo la ghafla halina mwenyewe, halimuulizi mtu ulikuwa wapi. Lakini mtu anayegawa mbuzi, anayerithisha kiti, anayeonya mara tatu, hana ghafla yoyote. Alijiandaa kama anayejiandaa na safari, na alituaga.

Kisha kila mtu akaja na sababu yake. Wengine walisema ni kichaa. Kichaa tuliyekuwa naye ni Labani, anayeongea na miti, ambaye akina mama walikuwa wakimfukuza kwa mawe asikaribie watoto. Siku ile Labani ndiye aliyebeba watoto wawili wa Mama Martha, mmoja kila kwapa, akakimbia nao nyuma ya ghala. Baada ya wiki mbili mlimfunga kamba yeye, kwa tahadhari. Wengine walisema ni vita, kwamba Burma, alikopigana naye kama baba, ilimharibu. Wanaume kumi na wanne walitoka pande hizi wakaenda Burma, wengi wao wamezeeka wakichunga mbuzi, na mmoja wao yumo kwenye jeneza hili. Na wengi zaidi, nasema kwa uchungu, walisema ni mke. Kwamba Mama Theresia alimroga, au kwamba alijua akanyamaza, maana mke hulala na mumewe, atakosaje kujua?

Alijua. Alisema. Aliyenyamaza alikuwa balozi.

Walipoibomoa nyumba ya Mama Theresia, Novemba ile, marehemu alikuwepo. Safari hiyo alifika. Alisimama pembeni na daftari lake. Mama Theresia alimtazama, akingoja aseme sentensi moja tu. Baba alitazama chini. Mama yule akaondoka na watoto wake watatu kwa miguu mpaka njia kuu, akaenda Itigi kwa kaka yake anayefanya kazi ya reli.

Baada ya hapo tuliamua kwamba halitatokea tena. Bunduki zote za kata zilikusanywa, hata gobore la Mzee Alphonce lililokuwa na kutu mdomoni. Lilikuwa jambo jema, ila tulifunga zizi ng'ombe akiwa ameshatoka, na mwaka uliofuata nyani walivuna kabla yetu, zikarudishwa mbili kimya kimya. Utani ulipigwa marufuku, ukalipiwa faini ya kuku. Marehemu naye, aliyekuwa hakusema panaposemwa, sasa akasema kila kitu. Katika mwaka mmoja alipeleka majina ya wanaume kumi na mmoja. Mmoja alimwambia kaka yake "nitakuua" kwa ajili ya jembe, akakaa mahabusu siku kumi na tisa. Mwingine alikuwa ameacha pombe. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyemdhuru hata kuku. Wote wanaishi, baadhi wamebeba jeneza leo, na hawakumsalimia baba mpaka alipougua.

Niliwahi kumuuliza, kabla sijajua lolote, mbona anaonea watu. Akaniambia, "Dorkas, wanaume wote wenye hasira wanafanana. Namtafuta yule mmoja na sioni tofauti yake." Nilidhani ni uzee.

Ugonjwa ulianza Julai 1977. Alishindwa kumeza ugali, kisha uji mzito, kisha maji. Hospitali ya misheni walisema ni saratani ya koo. Najua wapo watakaosema sasa kwamba koo lilizibwa na neno alilolimeza. Marehemu alilisikia hilo akiwa hai na akalikataa. Alisema, "Msianze tena. Ni saratani. Dada yake Petro alisema kila alichokuwa nacho moyoni, na alikufa kwa ugonjwa huu huu." Hata kitandani alikuwa amechoka na sababu zinazotoshea vizuri mno.

Januari alinifungia mlango akanieleza yote, siku mbili, kwa sauti ya kukwaruza. Nilimuuliza swali ambalo nanyi mnaniuliza kwa macho, kama angesema, lisingetokea? Jibu lake ni hili. "Sijui. Huenda wangenicheka. Huenda wangeichukua bunduki wakamrudishia nyani walipoingia shambani. Huenda angetafuta panga. Sitaki kujisifu kwamba ningezuia. Ila Jumamosi ile mimi nilijua pa kukaa, na wenzangu hawakujua. Halafu nikasema uongo, na uongo ule ukavunja nyumba ya mtu." Akaniambia niandike, nisome yeye akiwepo. Na watani wasizuiliwe mazishini, kwa sababu utani haukuua mtu. Yeye ndiye aliyejificha nyuma yake. Ndiyo maana jana mmemwona Mnyaturu amevaa kofia ya Burma akipiga kwata hapa uani, na mama akacheka. Wazee mliokasirika, yalikuwa maagizo.

Nilikasirika naye. Niseme hivyo hivyo. Nilimnywesha maji kwa kijiko kwa wiki tatu bila kusema naye zaidi ya "fungua mdomo". Kisha tarehe 11 Februari nilipanda basi mpaka Manyoni, nikapanda treni kwenda Itigi.

Nilimkuta Mama Theresia anaanika mtama kwenye gunia, nyuma ya nyumba za watu wa reli. Alinitambua. Nilipiga magoti nikamsalimia, nikamwambia nimetumwa na nani. Aliendelea kutandaza mtama. Nilipomaliza kueleza aliinama akitoa mawe kwenye nafaka.

"Alisema mwenyewe kwamba nilimwendea?"

"Alisema, mama. Mpaka kile kibuyu."

"Niliazima chumvi kweli," akasema. "Akasahau kunipa."

Nikamwomba msamaha kwa niaba ya nyumba yetu. Akasema, "Kusamehe sijui, mwanangu. Nikikwambia ndiyo nitakuwa nakudanganya, na umetoka mbali. Hicho ulichoandika kitasomwa?"

"Kitasomwa."

"Kwa sauti? Au kitafungiwa na mchungaji kwenye Biblia?"

"Kwa sauti, mama. Mbele ya wote."

"Basi nitakuja nisikie. Nisiposikia kwa masikio yangu, huo nao ni utani."

Nilirudi nikamwambia baba. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona amesikia jambo la kumtisha asicheke. Alilia, kwa shida, maana koo lilikuwa haliruhusu. Alifariki Jumanne tarehe 14 Machi 1978, saa moja asubuhi, mama akiwa amemshika mkono. Siku hiyo hiyo nilipeleka simu ya maandishi Itigi.

Marehemu ameacha mjane, Mama Maria, ambaye naye hakuambiwa kwa nini alizuiwa kwenda mkutanoni, na ameyasikia kwangu wiki hii. Ameacha watoto watatu, Dorkas, Gasto na Selina, na wajukuu saba. Ameacha ng'ombe mwekundu. Ameacha pia, na hili aliniagiza liingie kwenye orodha, nyumba ya Njiku, nyumba ya Hango, nyumba ya Mwiru, nyumba ya Ntandu na nyumba ya Mzee Petro, ambazo hakuzizaa ila anaziacha na deni lake lisilolipika. Na ameacha Mama Theresia Mughwai na watoto wake, ambao kijiji hiki kiliwatoa kwa uongo wa baba yangu. Kiwanja chao kimeandikwa upya kwenye daftari la kijiji. Ni kile kilichokuwa chetu.

Mnajua maneno ambayo hufunga karatasi kama hii. Tazameni chini ya karatasi hii, hayapo, si kwamba wino uliisha. Baba alisema familia haina haki ya kumwombea pumziko kabla ya mtu mmoja kuulizwa. Tangu nianze kusoma nimeona mama mmoja amesimama pale nyuma, kwenye mlango wa zizi, amejifunika kanga, ana kibuyu mkononi. Hakuna aliyempa kiti. Mpisheni apite.

Mama Theresia, shikamoo. Umesikia kwa masikio yako. Mara ya kwanza ulipokuja nyumba hii ulisema, na mtu akacheka. Leo hatucheki. Apumzike, au asipumzike, sema wewe. Sisi tumenyamaza.